Pampu ya kuvutia sampuli za hewa kazini: kuitumia na kuitunza katika Nyanda za Juu Kusini

Pampu ndogo inayofungwa kiunoni mwa mfanyakazi haipimi vumbi. Inavuta hewa tu na kuipitisha kwenye kichujio kilichobanwa karibu na ukosi wa shati. Vumbi lenyewe hupimwa baadaye, kwenye mizani ya maabara. Kazi ya pampu ni kuvuta kiasi cha hewa kinachojulikana, bila kuyumba, tangu zamu inaanza mpaka inaisha. Ukikosea kiasi hicho, maabara itakuletea jibu lenye desimali tatu, na zote tatu zitakuwa za uongo.

Tutafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: vumbi la silika kwenye karasha linalosaga mawe ya dhahabu Chunya. Mawe yale yana kwazi nyingi, yaani madini ya silika, na kwazi ikisagwa kavu hutoa chembe ndogo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Njiani tutagusa mashine za kupasulia mbao Mafinga na vyumba vya kuchambulia chai Tukuyu, maana vifaa ni vilevile isipokuwa kichwa cha kunasia, yaani kile kipande cha mbele ambamo hewa huingilia.

Vifaa vya kuwa navyo

Pampu iliyojaa chaji na chaja yake. Mpira laini wa kama sentimita 80, usiopondeka kirahisi. Saikloni, yaani kile kichupa kinachozungusha hewa na kuangusha chembe kubwa chini. Kaseti ya milimita 37 yenye kichujio cha PVC cha mikroni 5, kilichokwisha kupimwa uzito maabara kabla hakijaja kwako. Kifaa cha kupimia mtiririko wa hewa, yaani kalibreta. Klipu, mkanda wa kiunoni, gundi ya karatasi (utepe wa kubandika), kalamu isiyofutika, fomu, na kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo.

Agiza vichujio vya ziada. Kwa kila sampuli kumi weka angalau kichujio kimoja cha kulinganishia, na kamwe visipungue viwili kwa safari moja. Hivi hupelekwa kazini, hufunguliwa na kufungwa kama vingine, ila havivutiwi hewa. Kazi yake ni kuonyesha uzito ulioongezeka kwa sababu ya safari, unyevu na mikono ya watu. Watu wengi huviruka ili kupunguza gharama, halafu hushindwa kujibu mwenye karasha anapouliza wanajuaje kwamba vumbi halikuingia njiani.

Mtiririko hutokana na kichwa

Hapa ndipo mgeni anapoteleza. Mtiririko huuchagui wewe, unachaguliwa na saikloni uliyonayo. Ile ya nailoni ya milimita 10 inataka lita 1.7 kwa dakika. Ile ya aina ya Higgins-Dewell inataka 2.2. Ya alumini, 2.5. Kila moja imetengenezwa ili kwa mtiririko wake tu ipitishe chembe zinazofika ndani ya mapafu na kuziacha kubwa. Ukiendesha kwa kasi kuliko inavyotakiwa, inaangusha hata chembe ambazo zingepaswa kufika kwenye kichujio, na jibu linashuka. Ukiendesha polepole, chembe kubwa zinapenya na jibu linapanda. Kwa hiyo usichukue saikloni ya jirani ukaifunga kwenye pampu iliyorekebishwa kwa ajili ya yako.

Kwa vumbi la mbao kwenye dingdong za Mafinga, zile mashine za kupasulia mbao, saikloni haihitajiki, kwa sababu kinachotafutwa ni vumbi lote linaloingia puani na mdomoni. Tumia kichwa cha kunasia cha aina ya IOM kwa lita 2.0 kwa dakika, na kumbuka kwamba kasha lake la ndani hupimwa uzito pamoja na kichujio. Vumbi lililoganda kwenye kuta za kasha ni sehemu ya sampuli, usilifute.

Mivuke haimo kwenye habari hii. Zebaki inayochomwa pale pembeni ya karasha hupita kwenye kichujio kama maji kwenye chekeche. Mivuke ya rangi na vanishi kwenye karakana za samani huvutwa kwa mrija wa mkaa, kwa mtiririko mdogo usiozidi lita 0.2 kwa dakika. Vunja ncha zote mbili za mrija, mshale uelekee kwenye pampu, na mrija usimame wima.

Kurekebisha mtiririko

Fanya kazi hii palepale utakapochukua sampuli, si ofisini siku iliyopita, na hasa si Dar es Salaam. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Anayepika maharage huku anajua yanavyochelewa kuiva kuliko pwani, na sababu ni hiyohiyo: hewa ni nyepesi. Pwani mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 101, Mbeya ni karibu 83.

Hili linaiharibu rotamita, ule mrija wa kioo wenye kipira kinachopanda. Namba zake kwa kawaida zimechorwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Kwenye hewa nyepesi kipira kinahitaji mtiririko mkubwa zaidi ili kufika kwenye mstari uleule, hivyo kinapokuonyesha 2.2, pampu inavuta karibu 2.4. Makosa mawili yanazaliwa kwa pamoja. Saikloni inaendeshwa kwa kasi kupita kiasi, na wewe unaandika hewa pungufu kuliko iliyovutwa kweli. Moja linashusha jibu na jingine linalipandisha. Yanavutana, lakini usitegemee kwamba yatafutana.

Kalibreta ya povu la sabuni haina ugonjwa huu, kwa kuwa inapima ujazo halisi wa hewa ya mahali ulipo. Hata ile ya bei ndogo, bureti ya lita moja (mrija wa kioo wenye mistari ya kipimo) na saa ya simu, inatosha. Ipange hivi: bureti isimame wima, mdomo wa chini juu ya kisahani chenye maji ya sabuni. Kutoka juu ya bureti mpira uingie kwenye chupa ya lita moja yenye kifuniko cha matundu mawili. Saikloni na kaseti vikae ndani ya chupa hiyo. Mpira unaotoka kwenye kaseti upite tundu la pili la kifuniko uende kwenye pampu. Kaseti ya hapa iwe ya mazoezi, yenye kichujio cha aina ileile, wala si ile itakayopelekwa maabara. Usirekebishe pampu bila kichujio: ukinzani wa kichujio ni sehemu ya mzigo ambao pampu itaubeba siku nzima.

Washa pampu uiache dakika tano ipate joto. Lowesha kuta za bureti kwa kupandisha mapovu matatu au manne ya bure, la sivyo povu litapasuka katikati. Kisha gusisha kisahani mara moja, povu moja likate na kuanza kupanda. Linapovuka mstari wa sifuri, bonyeza saa. Linapovuka mstari wa lita moja, bonyeza tena. Kwa lita 2.2 kwa dakika unatafuta sekunde 27.3. Ukipata sekunde 30, pampu inavuta 2.0, iongeze. Ukipata 25, inavuta 2.4, ipunguze. Geuza kidogo kidogo, kwa kibisibisi au kwa kitufe kulingana na pampu yako. Ukishafika, chukua vipimo vitatu mfululizo. Visipishane zaidi ya nusu sekunde. Andika vyote vitatu kwenye fomu, pamoja na wastani, saa, joto la hewa na mgandamizo ukiwa na kifaa cha kuupimia.

Chupa ikivuja kwenye kifuniko, povu litapanda polepole ilhali pampu ni nzima. Utaongeza mtiririko, utaongeza tena, na ukienda kazini saikloni itaendeshwa kwa kasi ya ajabu. Kabla ya kugusa kibisibisi, ziba kwa kidole mdomo wa mpira unaoingia kwenye chupa. Pampu nzima na chupa isiyovuja zitakwama ndani ya sekunde chache na taa ya hitilafu itawaka. Pampu ikiendelea kuunguruma kama haijasikia kitu, kuna tundu mahali. Toa kidole mara taa inapowaka, maana kuikaba muda mrefu kunachosha kiwambo chake, yaani utando unaovuta hewa ndani ya pampu.

Ukitoka Mbeya mjini kwenda Chunya unavuka milima kisha unashuka upande wa pili. Kama ulirekebisha mjini, rudia ukifika.

Kufunga kaseti

Angalia kabla ya kufunga. Kichujio kilale juu ya pedi yake, upande ambako hewa inaingilia. Bana vipande vya kaseti kwa kiganja cha mkono sawasawa pande zote, kisha zungushia utepe. Kaseti iliyobanwa upande mmoja hupitisha hewa pembeni ya kichujio. Dalili utaiona jioni: badala ya duara safi la vumbi lenye ukingo mkali, utakuta michirizi inayokimbilia pembeni mwa kichujio au vumbi kwenye pedi ya nyuma. Sampuli kama hiyo ni ya kutupa.

Andika namba kwenye kaseti, si kwenye kizibo. Vizibo hubadilishana kama kofia za wanafunzi.

Saikloni ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, isuuzwe, ikaushwe kabisa. Fungua kikombe cha chini, hakikisha hakina mchanga wa siku nyingine. Kagua mdomo wake mdogo dhidi ya mwanga. Ukwaruzo au uchafu pale hubadilisha mzunguko wa hewa.

Kumvalisha mfanyakazi

Zungumza naye kwanza, na umwambie ukweli. Hofu ya kawaida ni kwamba kimashine kinarekodi sauti au kinamhesabia tajiri muda wa mapumziko. Maneno machache yanatosha: "Kaka, hiki kinavuta hewa unayoivuta wewe, basi. Fanya kazi kama siku zote. Kikikusumbua au kikizima, niite, usikifungue." Kama ni mama anayechekecha unga wa mawe, mwombe ruhusa kabla ya kugusa nguo zake, au umwelekeze ajibane mwenyewe klipu.

Pampu ikae kiunoni nyuma au ubavuni, upande usiogusana na mashine. Mpira upite mgongoni, juu ya bega, na ubanwe kwa gundi sehemu mbili ili usinase kwenye mkanda wa karasha. Hilo ni suala la uhai. Mkanda unaozunguka ukiushika mpira unamvuta na mwenyewe.

Kichwa kibanwe kwenye ukosi au juu ya mfuko wa kifua, ndani ya sentimita 30 kutoka puani na mdomoni. Saikloni isimame wima, mdomo wake ukitazama nje na usifunikwe na koti. Asubuhi za Juni na Julai kila mtu amevaa jaketi, na saa nne jua likiwaka analivua. Bana kichwa kwenye nguo atakayobaki nayo, au uwepo pale anapovua. Akivaa barakoa, kichwa kikae nje ya barakoa: unapima hewa ya mahali pa kazi.

Sasa toa vizibo, unganisha kaseti halisi, washa, andika saa.

Wakati wa zamu

Pitia baada ya nusu saa ya kwanza, kisha kila saa moja au mbili. Unaangalia mambo manne tu: pampu inaunguruma, taa ya hitilafu haijawaka, mpira haujakunjwa, saikloni imesimama wima. Andika saa ya kila ukaguzi na kazi anayoifanya mtu huyo wakati ule. Kuna tofauti kubwa kati ya kumimina mawe kwenye karasha na kukaa kivulini ukisubiri umeme urudi, na bila maelezo haya namba ya mwisho haina wa kuifafanua.

Pampu nyingi za sasa zikikabwa hujizima, kisha hujaribu kujiwasha zenyewe. Ukiangalia tu kwamba inaunguruma, hutajua kwamba ilikuwa kimya dakika 35. Linganisha saa ya ukutani na kaunta ya dakika ya pampu. Zikitofautiana, fuata kaunta, na andika sababu ukiipata.

Usiigeuze saikloni kichwa chini wakati wowote. Mchanga wa kikombeni utamwagikia kwenye kichujio, na chembe moja kubwa ina uzito kuliko maelfu ya zile ndogo unazozitafuta. Mwambie mfanyakazi ukweli huo pia, maana wengi wakienda kula huvua mkanda na kuutupa mezani. Wakati wa chakula, zima pampu wewe mwenyewe, andika dakika, na utundike vyote kwenye msumari vikiwa wima.

Kichujio kinaweza kujaa. Kwa silika, lengo ni kati ya lita 400 na 1,000 za hewa, na vumbi lisizidi miligramu 2. Kwenye karasha kavu lisilo na kizuizi chochote, kichujio kimoja huenda kisifike jioni. Ukiona pampu inaunguruma kwa kulalamika na duara la kijivu limekuwa nene, badilisha kaseti katikati ya zamu. Sampuli mbili mfululizo za mtu mmoja ni halali kabisa. Hesabu yake inajumlishwa.

Kushusha na kupima tena

Zima, andika saa na kaunta. Ondoa kaseti ikiwa bado wima, ziba pande zote mbili, kisha ndiyo uvue saikloni. Futa pampu kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kuchomoa mpira, vinginevyo vumbi lililolala juu litaingia kwenye mdomo wa pampu.

Halafu rudisha kaseti ya mazoezi na upime mtiririko tena kwa bureti, bila kugusa kibisibisi. Tofauti kati ya asubuhi na jioni isizidi asilimia 5. Ikizidi, sampuli hiyo imekufa, hata kama ulisafiri siku mbili kuifuata.

Tuseme asubuhi ilikuwa 2.20 na jioni 2.14. Tofauti ni asilimia 2.7, inakubalika. Wastani ni 2.17. Pampu iliwashwa saa 1:20 asubuhi, ikashushwa saa 9:10 alasiri, na ilizimwa dakika 40 za chakula: dakika 430. Zidisha 2.17 kwa 430, unapata lita 933, yaani mita za ujazo 0.933. Maabara inakuambia kichujio kimeongezeka miligramu 0.84, na vya kulinganishia vimeongezeka wastani wa 0.03. Vumbi halisi ni 0.81. Gawa kwa 0.933: miligramu 0.87 kwa mita ya ujazo. Ndani yake wamekuta silika miligramu 0.11, ambayo ni 0.118 kwa mita ya ujazo kwa dakika hizo 430. Kama dakika 50 zilizobaki hakuwa kwenye vumbi, wastani wa saa nane ni 0.118 mara 430 gawa kwa 480, yaani karibu 0.106.

Kanuni ya Marekani ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa silika wa miligramu 0.05 kwa mita ya ujazo kwa saa nane, na iliwekwa na OSHA ya huko. Huyu wa mfano yuko mara mbili ya hapo. Tahadhari ya majina: OSHA ya Marekani na OSHA yetu ya Tanzania, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ni vyombo viwili tofauti. Ripoti ya Chunya inasomwa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, kwa hiyo taja wazi ukomo unaolinganisha nao umetoka wapi.

Pampu ikikorofisha

Mtiririko ukishuka polepole siku nzima, shuku betri au kichujio kinachojaa. Ukiruka juu na chini, shuku maji au uchafu kwenye vali. Pampu ikigoma kufikia 2.2 hata bila mzigo, fungua kichujio kidogo cha ndani, kile kilicho mdomoni mwa pampu. Mara nyingi kimekuwa cheusi. Badilisha, usikioshe, na usikipulizie hewa ya kompresa: mgandamizo ule hupasua kiwambo na kusukuma vumbi ndani zaidi. Ikiwa kichujio cha ndani ni kipya na bado inagoma, kiwambo au vali zimechoka, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye vipuri vya mtengenezaji.

Kwenye mgodi wa makaa ya mawe tumia pampu yenye alama ya kuruhusiwa penye gesi zinazolipuka, na usifungue betri wala kuchaji chini ya ardhi. Pampu hiyo ikishafunguliwa na fundi wa mtaani, alama ile haina maana tena.

Betri na utunzaji

Chaji usiku wa kuamkia kazi, lakini usisubiri saa nne usiku kuanza. Umeme ukikatika utakosa siku nzima. Betri za lithiamu zisihifadhiwe zikiwa tupu. Zikikaa kabatini miezi, ziache na chaji ya nusu na uziangalie kila baada ya miezi mitatu. Betri ya zamani hudanganya: mstari wa chaji umejaa, halafu saa ya tano imezima. Kabla ya kila safari kubwa endesha pampu saa nane kamili mezani, na kichujio kikiwa kimefungwa, uone kama inafika.

Baridi ya Njombe na Mafinga hupunguza nguvu ya betri. Usiache pampu kwenye gari usiku. Na ukiitoa kwenye baridi ukaingia nayo ghafla kwenye chumba cha kukaushia chai, umande utaganda juu ya kichujio na ndani ya pampu. Iache ndani ya mfuko wake nusu saa ipate joto la chumba, ndipo ufungue.

Mpira ubadilishwe ukianza kuwa mgumu au kuwa na ufa kwenye viungio. Kata sentimita mbili za mwisho zilizolegea badala ya kuzungushia gundi. Rotamita ukiwa nayo, itumie kwa kuangalia tu kama kuna mabadiliko katikati ya zamu, baada ya kuilinganisha na povu mahali palepale, na uuwekee alama ya kalamu mstari wa kweli.

Kaseti zisafirishwe zikiwa zimesimama, upande wa vumbi ukitazama juu, ndani ya boksi lililojazwa sponji, pamoja na vichujio vya kulinganishia na nakala ya fomu. Mtikisiko wa barabara ya vumbi unaweza kung'oa vumbi kwenye kichujio, kwa hiyo boksi likae kwenye kiti au mapajani, lisikae kwenye buti juu ya tairi la akiba.